Kujaza upepo safarini: mashine ya kituo, kompresa ya waya, ya kuchaji au pampu ya mguu?

Kabla ya safari ndefu dereva hukagua oili, maji, breki na taa. Ikifika zamu ya matairi, wengi huyatupia jicho, huyapiga teke, wakaingia garini. Teke halipimi kitu, na jicho nalo hudanganyika kirahisi. Ubavu wa tairi la siku hizi hutuna kidogo hata likiwa na upepo kamili, kwa hiyo tairi lililopoteza robo ya upepo wake linaweza kukaa pembeni ya jirani yake usione tofauti. Tairi pungufu hujikunja zaidi kila linapozunguka, hupata joto, huliwa kingo na huongeza matumizi ya mafuta. Likizidishwa, huliwa katikati, hurukaruka kwenye mashimo na hushika barabara kwa eneo dogo unapokanyaga breki.

Hadi hapo hakuna anayebisha. Ubishi huanza kwenye kifaa. Kuna anayesema vituo vya mafuta viko kila mahali, ya nini kubeba kingine. Kuna aliyenunua kompresa ya kuchaji na haoni sababu ya mtu kuwa na waya. Mwingine ana pampu ya mguu ya miaka nenda rudi na bado inafanya kazi. Kila mmoja ana hoja, ila hoja zao zinatokana na safari tofauti. Hapa naziweka njia hizi nne pamoja: mashine ya upepo ya kituo cha mafuta au ya fundi wa pancha, kompresa ya waya inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kompresa ndogo yenye betri yake ndani, na pampu ya mguu.

Vigezo

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni kama kifaa unacho mkononi tairi likiwa baridi. Namba ya upepo iliyo kwenye stika ya gari (fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake, au tazama ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta) ni namba ya tairi baridi. Baridi hapa maana yake gari limesimama kwa muda wa saa 3 au zaidi, au limetembea taratibu bila kuvuka kilomita moja na nusu hivi. Baada ya nusu saa ya barabara kuu, tairi lile lile husoma psi 4 hadi 6 zaidi (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) na hakuna aliyeliongeza. Ile namba iliyochongwa kwenye ubavu wa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe. Aliyelitengeneza hakujua litafungwa kwenye gari gani, kwa hiyo usijaze kwa kuifuata.

Vingine ni hivi: namba ya kifaa inaaminika kiasi gani, kinachukua muda na nguvu kiasi gani, kinategemea nini ili kifanye kazi, na kinakusaidiaje siku tatizo likiwa kubwa kuliko psi tatu nne zilizopungua. Bei sikuiweka. Kila aina ina ya bei rahisi na ya bei ghali, na bei haikwambii kama itakufaa ukiwa porini.

Kuhusu vipimo, stika nyingi huandika bar au kPa wakati geji nyingi husoma psi. Bar 1 ni kPa 100, sawa na psi 14.5. Kwa hiyo psi 32 ni bar 2.2, au kPa 220. Geji nzuri huonyesha zaidi ya kipimo kimoja. Kama yako haionyeshi, andika namba za gari lako kwa kipimo chake uzibandike ndani ya droo ya dashibodi.

Unacho tairi likiwa baridi?

Hapa mashine ya kituo inaanguka, hata ikiwa mpya na nzuri. Ukilala mahali ambapo kituo kiko kilomita 20, ukifika pale matairi yameshapata moto na namba ya stika haikusaidii tena moja kwa moja. Watu wengi huona geji inasoma psi 37 badala ya 33, wakaupunguza upepo. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote kwenye habari hii: tairi likipoa usiku litasoma 29, na kesho yake mnaondoka na tairi pungufu lililopunguzwa kwa makusudi. Tairi la moto halipunguzwi upepo.

Ipo njia ya kulizunguka tatizo hilo, nayo inataka geji tu. Pima asubuhi kabla gari halijaondoka. Tuseme stika inasema 33 na tairi la mbele kushoto linasoma 30. Andika: mbele kushoto, pungufu 3. Ukifika kituoni tairi hilo hilo linasoma 34 kwa sababu ya moto. Usitazame 33 tena; lipandishe kutoka 34 hadi 37, yaani ongeza zile 3 zilizopungua. Likipoa litarudi karibu na 33. Kama hukupima asubuhi na matairi ni ya moto, ushauri wa kawaida ni kujaza hadi bar 0.3, yaani psi 4 hivi, juu ya namba ya stika, kisha upime upya yakipoa. Na tairi la moto likisoma namba ya stika au chini yake, hilo ni pungufu bila ubishi.

Vifaa vitatu vilivyobaki vyote unavyo alfajiri, gari likiwa halijaguswa. Tofauti yao ni makelele. Kompresa ya waya na ya kuchaji zote hunguruma vibaya, na ukiiwasha saa kumi na moja alfajiri kwenye uwanja wa nyumba ya wageni utaamsha watu ambao hamjuani. Pampu ya mguu hukoroma tu kidogo. Hoja hii inaonekana ndogo mpaka siku ambayo kelele hiyo itakufanya uahirishe kupima.

Kwa anayesafiri kutoka uwanda wa joto kwenda nyanda za juu, jambo hili linakuwa na uzito zaidi. Upepo wa tairi hushuka takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazoshuka. Ukijaza mchana kwenye nyuzi 35, ukalala mahali panaposhuka hadi nyuzi 10, alfajiri geji itasoma psi 4 hadi 5 chini, bila pancha yoyote. Mwinuko wenyewe huvuta upande wa pili: kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa ya nje hupungua uzito na geji husoma kama psi 1.5 zaidi. Baridi ya kawaida ya milimani huirudisha karibu yote, kwa hiyo usihangaike na hesabu. Pima asubuhi ya kwanza ukiwa juu, na pima tena asubuhi ya kwanza baada ya kushuka.

Namba yake inaaminika?

Geji ya mashine ya kituo hutumiwa na watu wengi, huangushwa sakafuni, hugongwa, hukanyagwa na magari. Zipo nzuri, zile za kuweka namba unayotaka kisha mashine inajaza hadi ilie mlio, na zipo ambazo mshale wake umekwama tangu siku nyingi. Ukitazama kwa nje huwezi kujua. Kwa fundi wa pancha ni vivyo hivyo: wengine wana geji safi, wengine hubonyeza tairi kwa kidole gumba wakakwambia liko sawa.

Kompresa ya waya huwa na geji yake, ya mshale au ya namba. Hapa kuna mtego: inapokuwa inasukuma, geji husoma juu kuliko ukweli, kwa sababu inapima msukumo ulio ndani ya paipu. Izime, subiri sekunde chache, ndipo usome. Zenye kujizima zenyewe kwenye namba uliyoweka hupunguza usumbufu huo, ila nazo zikaguliwe mara moja kwa geji ya pembeni ili ujue zinakosea kwa kiasi gani na kwa upande gani. Za kuchaji ziko hivyo hivyo, kwa kuwa kilichomo ndani ni kile kile, kimebadilishiwa chanzo cha umeme tu.

Geji ya pampu ya mguu ndiyo dhaifu. Mara nyingi ni kiduara kidogo chenye mistari inayofika psi 100 au zaidi, na sehemu unayoihitaji, kati ya 30 na 36, imebanwa ndani ya upana wa ukucha.

Ndiyo maana, chochote utakachochagua, nunua geji yako ya pekee: ya namba, au ya mshale ambayo mwisho wake ni psi 60 badala ya 150, maana mistari yake huwa mipana kwenye eneo la gari dogo. Geji moja ile ile kwa matairi yote na kwa safari nzima. Hata ikikosea psi 1, itakosea sawasawa kila mahali, na tairi linalovuja polepole litajitenga na wenzake mapema. Anayenunua kompresa nzuri bila geji nzuri amenunua nusu ya pili kabla ya ile ya kwanza.

Vipi taa ya onyo la upepo pungufu kwenye dashibodi? Marekani iliilazimisha kwa magari yote madogo yaliyotengenezwa tangu Septemba 2007, na Umoja wa Ulaya kwa magari mapya ya abiria tangu Novemba 2014, kwa hiyo magari mengi yanayo. Lakini kanuni ya Marekani inaitaka iwake upepo ukishuka asilimia 25 chini ya namba ya stika. Kwa stika ya psi 32, hapo ni 24. Kati ya 32 na 24 unaweza kusafiri siku nyingi taa ikiwa imenyamaza. Baadhi ya magari hayana kipimo ndani ya tairi kabisa. Hulinganisha kasi ya mzunguko wa magurudumu kwa kutumia vipimo vya breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge. Mfumo huo hugundua upesi tairi moja lililopungua, lakini hupata taabu yote manne yakipungua kwa pamoja, na unahitaji kuwekwa upya kila unapojaza. Taa hiyo ni ya dharura. Na ikiwaka alfajiri ya baridi kisha ikazimika baada ya kilomita chache, usifurahi: matairi yamepata moto tu, upungufu uko pale pale.

Muda na jasho

Kuelewa tofauti, fikiria kiasi cha hewa. Tairi la gari dogo lina nafasi ya lita kama 30 ndani. Kulipandisha psi 5 kunataka lita 10 hivi za hewa ya kawaida. Kulijaza kutoka sifuri hadi psi 33 kunataka karibu lita 70. Tairi la gari kubwa la kupanda milima laweza kuwa na nafasi mara mbili ya hapo.

Mashine ya kituo ina tangi la hewa iliyokwisha kushindiliwa, kwa hiyo lita 10 ni sekunde chache. Kinachokula muda ni foleni, paipu isiyofika upande wa pili, na kugeuza gari ili ifike.

Kompresa ya waya, ile ya kawaida, inaweza kuandikwa lita 30 au 35 kwa dakika kwenye boksi. Hiyo ni ikiwa haisukumi kitu. Ikishindana na psi 30 hutoa pungufu sana ya hapo. Kwa kuongeza psi 5, dakika moja au mbili kwa tairi. Kwa tairi lililolala kabisa, tegemea dakika tano hadi kumi, na nyingi huandikwa zipumzike baada ya dakika 10 au 15 za kufanya kazi mfululizo. Heshimu hilo. Kichwa cha shaba kinachofungwa kwenye valvu hupata moto wa kuunguza vidole, kwa hiyo weka kitambaa au glovu mkobani mwake. Kichwa cha kuskurubu huachia upepo kidogo unapokifungua na kile cha kubana kwa wenzo huchomoka haraka zaidi, ila cha wenzo kikizeeka hulegea na kuruka katikati ya kazi.

Ya kuchaji hufanya kazi kwa kasi inayokaribiana na hiyo, au pungufu kidogo. Tofauti iko kwenye akiba. Betri ya wati-saa 25 ikiendesha mota ya wati 100 huisha kwa robo saa. Robo saa inatosha kuongeza psi mbili tatu kwenye matairi manne na ikabaki. Kujaza tairi lililolala ni habari nyingine: moja huenda, la pili ni bahati. Kwa kazi ndogo ya asubuhi, hata hivyo, hakuna kinachoishinda kwa wepesi: huhitaji kufungua gari, kuwasha switi wala kuburura waya, na unaweka namba ukiwa umesimama huku unazungumza na mtu.

Pampu ya mguu yenye silinda moja husukuma theluthi ya lita kwa mkanyago, au chini ya hapo. Lita 10 ni mikanyago 30 na kitu kwa hesabu, na 40 hadi 50 kwa ukweli kwa sababu kila mkanyago hupoteza kidogo. Kwa tairi moja lililopungua, ni mazoezi ya asubuhi. Kwa manne, utavua koti. Kwa tairi lililolala ni mikanyago zaidi ya 200, na kwa gari kubwa sikushauri hata kujaribu. Yenye silinda mbili hupunguza idadi, ila kila mkanyago unakuwa mzito zaidi. Mtu mwenye goti bovu au mgongo unaouma ameshapata jibu lake.

Kinategemea nini

Mashine ya kituo inategemea kituo. Njia zenye vituo vya karibu karibu hazina shida. Njia ambazo kati ya mji na mji ni pori tu zina shida kubwa. Na kuwepo kwa kituo hakumaanishi mashine ni nzima: paipu hukatika, umeme hukatika. Fundi wa pancha wa kandokando mwenye kompresa ya injini ya petroli mara nyingi ndiye anayekuwa kazini umeme ukiwa haupo. Maji hujikusanya kwenye tangi la hewa lisipofunguliwa mara kwa mara chini, kwa hiyo ukiona paipu inatema unyevu, mwombe alifungue kwanza.

Kompresa ya waya inategemea tundu la kiberiti na fyuzi yake. Matundu mengi hulindwa na fyuzi ya ampea 10 hadi 20. Kwa volti 12, ampea 15 ni wati 180. Kompresa inayotaka zaidi ya hapo itakata fyuzi, nawe utagundua pia simu haichaji tena. Soma ampea zake kabla ya kununua, linganisha na fyuzi ya gari lako, na beba fyuzi ya akiba. Kompresa kubwa za magari ya porini hazitumii tundu kabisa. Zina vibanio vya kushika moja kwa moja kwenye betri ya gari. Kagua na urefu: waya na paipu vikinyooshwa vyote vifike tairi la nyuma upande wa mbali. Jaribu ukiwa nyumbani. Acha injini ikinguruma unapojaza ili betri isichoke, ila uwe nje kwenye hewa, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa injini una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya.

Ya kuchaji inategemea kumbukumbu yako. Ikikaa miezi bila kuguswa chaji hushuka yenyewe, na siku ya kuihitaji utakuta kijitaa chekundu. Joto ni adui yake wa pili: ndani ya gari lililofungwa juani, juu ya dashibodi panaweza kupita nyuzi 60, joto ambalo betri za lithiamu hazikuundwa kulistahimili. Iweke chini ya kiti au kwenye buti, kivulini, na iondoe gari likikaa juani siku nzima. Faida yake ni kwamba nyingi huchajiwa kwa waya ule ule wa simu, safarini, gari likitembea.

Pampu ya mguu inategemea mguu na ardhi ngumu. Mchangani huzama na kupinduka; tafuta ubao. Mpira wa ndani ya silinda hukauka pampu ikikaa muda mrefu, ikawa inakanyagika kwa urahisi wa kutilia shaka na haisukumi kitu. Tone la oili huirudisha. Haina fyuzi, betri wala foleni, na inaweza kukaa kwenye buti miaka ukaikuta ipo tayari kwa kazi. Kwa upande huu inawashinda wenzake wote.

Siku ya pancha, na siku ya mchanga

Msumari uliozama kwenye sehemu inayokanyaga barabara mara nyingi huvujisha polepole. Usiuchomoe. Ukiwa na kompresa yoyote ya gari unaweza kujaza, kwenda kilomita kadhaa kwa mwendo wa wastani, kusimama, kupima, kuongeza, hadi kwa fundi. Kompresa ya waya ndiyo bora hapo kwa sababu haiishiwi. Ya kuchaji inatosha kama fundi yuko karibu. Pampu ya mguu itakufikisha ukiwa umelowa jasho. Mashine ya kituo haipo ulipokwama, basi. Kama tairi limeendeshwa likiwa limelala, hata kwa mwendo mfupi, usilijaze kwa kifaa chochote. Mbavu zake huenda zimekatika kwa ndani na zinaweza kupasuka. Fungua spea. Na unapojaza tairi lolote lililokuwa limelala, simama mbele au nyuma yake, usisimame ubavuni.

Kopo la povu la kuziba pancha si mshindani wa vifaa hivi, ni la kukufikisha tu: huziba tundu dogo kwenye sehemu inayokanyaga, haliwezi ubavu uliochanika, na baada yake kwa kawaida usizidi kilomita 80 kwa saa. Mwambie fundi umelitumia kabla hajalifungua tairi, utamwepusha kumwagikiwa. Kopo lina tarehe ya mwisho, itazame.

Spea yenyewe ndiyo tairi linalosahaulika kuliko yote. Zile nyembamba za muda huhitaji psi 60, karibu mara mbili ya matairi ya kawaida. Kompresa ya waya hufika. Ya kuchaji hufika kwa kuhema. Ya mguu hufika kama wewe utafika. Afadhali ijazwe kituoni kabla ya safari.

Mchanga hubadilisha kila kitu. Madereva wa porini hushusha upepo hadi psi 15 au 20 ili tairi litandazike na lisizame. Wakirudi kwenye lami lazima wajaze upya, maana kukimbia na psi 18 kwenye lami ni kuliunguza tairi. Matairi manne makubwa kutoka 18 hadi 35 yanataka lita kama 300 za hewa kwa jumla. Hiyo ni kazi ya kompresa ya vibanio vya betri, au ya kituo kama kiko mwisho wa njia ya mchanga. Ya kuchaji na ya mguu zisihesabiwe.

Chagua kwa hali yako

Unasafiri barabara kuu zenye vituo vingi, siku moja au mbili, gari dogo, matairi yenye afya: geji nzuri na mashine za vituo vinatosha. Pima alfajiri, andika upungufu, ongeza ukifika kituoni. Pesa ya kompresa itumie kwa kitu kingine.

Unasafiri siku nyingi, unalala sehemu tofauti, njia ina mabonde na milima, na ni mmoja wa wale wanaochaji kila kitu usiku: ya kuchaji itakufaa kwa sababu utaitumia kweli. Kama wewe ni wa kusahau chaji ya simu, chukua ya waya.

Unapita maeneo ambayo msaada uko mbali, au una tairi linalovuja taratibu ambalo bado hujalipeleka kwa fundi: ya waya, pamoja na fyuzi za akiba. Gari kubwa, au mchanga upo kwenye ratiba: ya vibanio vya betri, bila majadiliano.

Gari la zamani ambalo tundu lake la kiberiti limekufa, au gari ambalo hukaa miezi bila kutumika: pampu ya mguu kwenye buti, ukiwa na nguvu za kuikanyaga. Inakwenda vizuri pia kuwa ya pili, nyuma ya kifaa cha umeme.

Gari la kukodi: omba uonyeshwe spea, jeki na stika ya upepo kabla ya kusaini, na beba geji yako mfukoni. Ukiona taa ya upepo inawaka kabla hujatoka getini, wajaze wao.

Msafara wa magari mawili matatu: kompresa moja ya waya yenye nguvu inatosha kwa wote, ila kila dereva awe na geji yake na namba zake, kwa kuwa stika za magari hazifanani.

Gari lililojaa abiria na mizigo: soma safu ya pili ya stika, ile ya mzigo kamili, ambayo mara nyingi hupandisha zaidi matairi ya nyuma. Hapo unahitaji kujaza nyumbani, kabla ya kupakia au mara baada yake, na kifaa chochote kati ya vile vitatu vya kubeba kitafanya kazi hiyo. Mkishusha mizigo na abiria, rudisha namba ya kawaida asubuhi inayofuata, matairi yakiwa baridi.